Mtoto Aliyeanguka Motoni (Marko 9:14-29)

Neno hili ni kwenu ninyi mnaokaa Buleusa na ninyi ambao vita iliwatawanya katika njia za Miriki na Luofu. Mwezi huu hatukuja na neno la kufurahisha masikio. Tumekuja na neno la toba, kisha mafundisho, na tunaomba lisomwe kwa sauti katika kila kundi, mbele ya mamama wa maombi na vijana wa kwaya, na msomaji asiruke fasi yoyote kwa haya.

Katika kundi letu kuna binti mmoja. Jina lake hatutalitaja, maana limekwisha kutajwa vya kutosha kwa midomo ya watu. Alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka sita. Mama yake aliuza mbuzi wawili kwa wafumu. Wakamchanja chale kichwani, wakamfukizia manyoya ya ndege, na mtoto akazidi kuanguka. Mwishowe mwuguzi wa kituo cha afya, yule tunayemwita infirmye, alimpa vidonge vyeupe vya kumeza kila jioni. Miezi saba ikapita bila kuanguka hata mara moja. Mama akaja katika kesha letu kutoa ushuhuda, naye alikuwa na haki ya kufurahi.

Sikilizeni basi tulichofanya. Usiku ule mmoja wetu mwenye karama ya unabii alisema kwa nguvu kwamba ushuhuda huo hauwezi kukamilika kama vidonge vingali nyumbani, kwa sababu Mungu hagawani utukufu na karatasi ya dawa. Tukaitika Amina. Sisi wote tuliitika, tusimtupie mtu mmoja mzigo huu. Vidonge vikatupwa chooni, nasi tukaimba mpaka jogoo akawika.

Siku ya tano, asubuhi, binti akiwa anasonga bugali, alianguka. Mkono wake wa kuume ukaingia katikati ya mafiga. Watu walikuwepo. Tulikuwa watu wazima tisa katika lupango lile, tumekuja kwa sala ya asubuhi. Povu lilikuwa linamtoka kinywani, mkojo umemtoka, nasi tukarudi nyuma, kwa sababu tangu utoto tumeambiwa kwamba anayegusa mate ya mwenye kifafa atakipata yeye pia. Tuliita jina la Yesu kwa sauti kubwa, tukiwa mbali. Aliyemvuta kutoka motoni ni ndugu yake mdogo wa miaka minane, ambaye alikuwa bado hajafundishwa kuogopa.

Vidole viwili vya mkono ule havikunjuki tena hata leo.

Wapendwa, tangu siku ile hatukuweza kuhubiri Marko sura ya 9 kama tulivyozoea. Zamani tuliisoma kwa haraka ili tufike fasi pepo anapokemewa, maana hapo ndipo watu wanapopiga makofi. Sasa tunaisoma polepole. Bwana anashuka mlimani, anakuta nini? Anakuta mabishano. Wanafunzi wake wanabishana na waandishi, kundi limezunguka, na mtoto yuko katikati ya kelele hizo hajasaidiwa. Je, hilo si lupango letu? Kisha mtoto anaanguka chini mbele ya Bwana, anagaagaa na kutoka povu. Na Bwana, ambaye angeweza kusema neno moja tu, anamgeukia baba na kuuliza swali: jambo hili lilimpata tangu lini?

Tulishangaa sana tulipotambua kwamba swali hilo ndilo la kwanza ambalo mwuguzi alimwuliza mama wa binti yetu. Tangu lini? Huanguka mara ngapi? Huanguka wapi? Baba wa Marko anajibu kama mzazi anayejua: tangu utoto, na mara nyingi katika moto na katika maji. Mtu aliyesema neno hilo aliona mateso ya mtoto yule. Moto na maji ndivyo vinavyowaua na kuwalemaza wenye kifafa mpaka leo, hapa kwetu penye mafiga ya chini na mito ya kuvuka kwa miguu. Halafu, mwisho wa habari, mtoto amelala kama maiti, watu wanasema amekufa, na Bwana anamshika mkono na kumwinua. Alimshika! Mate yalikuwa bado hayajakauka.

Tunajua kuna ndugu watakaotuletea aya ya 29, kwamba namna hii haitoki ila kwa kuomba. Tunaipokea aya hiyo yote. Lakini Bwana aliisema kwa nani? Aliwaambia wanafunzi wake, faraghani ndani ya nyumba, walipouliza kwa nini wao walishindwa. Ilikuwa kuwakemea wahudumu kwa upungufu wao wa sala. Hakumwambia baba aache kumlinda mtoto na moto. Hakumkataza mtu yeyote dawa. Sisi tulichukua fimbo iliyowekwa kwa ajili ya mgongo wetu tukampiga nayo mtoto.

Someni pia Mathayo 4:24. Pale wagonjwa walioletwa kwa Bwana wanatajwa kwa mafungu: wenye pepo fungu lao, wenye kifafa fungu lao, waliopooza fungu lao. Ikiwa kila kifafa ni pepo, kwa nini Mathayo ayatenge? Hatusemi pepo hawapo. Kanisa letu limewaona na kuwafukuza. Tunasema kwamba si kila anayeanguka ana pepo, na kwamba aliyemwita mtoto wa jirani yake mwenye pepo, au akamwita mama yake mulozi, bila Mungu kumtuma, atatoa hesabu.

Basi kifafa ni nini? Katika ubongo wa mtu kuna kama umeme mdogo unaopita kwa utaratibu, nao ndio unaotufanya tuseme, tutembee, tukumbuke. Kwa mwenye kifafa umeme huo mara nyingine unatoka wote kwa pamoja, na mwili unatikisika mpaka utulie. Mganga wa Kigiriki Hippocrates na wanafunzi wake, miaka 400 hivi kabla ya Kristo, walikwisha kuandika kwamba ugonjwa huu una chanzo chake mwilini kama magonjwa mengine. Kwa nini kwetu wako wengi? Mama akikaa siku mbili katika uchungu wa kuzaa bila msaada, mtoto anatoka amechoka na ubongo umeumia. Malaria kali inayopanda kichwani huacha kovu. Nguruwe wanaotembea ovyo na kula choo cha watu hubeba mnyoo, na mayai ya mnyoo huo, yakimwingia mtu kwa mikono au chakula kichafu, vifuko vyake hukaa ubongoni. Hapo hakuna uchawi. Kuna choo cha kuchimba, chandarua na mkunga aliyefundishwa.

Tena kuna mto. Hapa tunaomba mvumilie kidogo, maana jambo hili limetufundisha kuheshimu wachunguzi, ambao baadhi yetu tuliwaita wauza damu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mama mmoja munganga kutoka Norvège, Louise Jilek-Aall, alikuta huko Mahenge, Tanzania, katika nchi ya Wapogoro, watu wengi sana wenye kifafa. Waliishi wametengwa, wengi wana makovu ya moto, maana huko pia watu walikimbia mate kama sisi. Aliwafungulia kliniki, akawapa dawa, akaandika katika madaftari yake kila mgonjwa na namna yake ya kuanguka. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wanatikisa kichwa, kinashuka na kupanda, kinashuka na kupanda. Miaka mingi baadaye, kaskazini mwa Uganda, katika Kitgum na Pader, watoto wengi walionekana na kutikisa kichwa kule kule, hasa wakiwekewa chakula mbele yao. Daftari la Mahenge likawa shahidi wa zamani.

Hata kwetu Kongo, katika Ituri na Bas-Uele, wachunguzi Wakongomani pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walipita vijijini wakihesabu nyumba kwa nyumba. Wakakuta kwamba nyumba zilizo karibu na mito yenye maji ya kasi zina wenye kifafa wengi kuliko zile za mbali. Katika maji hayo huzaa kijinzi cheusi kinachouma watu mchana na kuwatia mnyoo wa upofu wa mtoni. Mahali mnyoo huo ulipoachwa bila kuzuiwa, kifafa kinakuwa kingi. Namna hasa unavyoudhuru ubongo wachunguzi wangali wanaitafuta, lakini mapato yameonekana: huko Uganda, watu walipomeza Mectizan mara mbili kwa mwaka na mito ikatiwa dawa ya kuua vijinzi, watoto wapya wa kutikisa kichwa walikaribia kuisha kabisa. Kampuni inayotengeneza dawa hiyo iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure, na inaitoa. Basi mgawaji akija na fimbo yake ya kupima urefu, mtu asijifiche shambani akisema ni dawa ya kuzuia kuzaa. Tumewasikia waliosema hivyo, wengine wakiwa na Biblia mkononi.

Luka alikuwa mganga, Paulo anamshuhudia katika Wakolosai 4:14. Naye mwanzoni mwa Injili yake anasema kwamba alifuatilia mambo yote kwa uangalifu tangu mwanzo kabla ya kuandika. Kuuliza, kuhesabu, kuandika, kurudi tena kuuliza: hiyo ndiyo kazi ya mchunguzi, na Roho Mtakatifu hakuona haya kuitumia ili tupate Injili. Na wauguzi wetu wadogo wa vijijini wana sehemu katika kazi hiyo. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika Nakuru, Kenya. Wagonjwa zaidi ya 300 wenye kifafa walitunzwa karibu na makwao, kwa dawa za bei ndogo, bila kulazwa katika hospitali kubwa. Zaidi ya nusu ya waliomaliza mwaka walikaa miezi 6 ya mwisho bila kuanguka hata mara moja. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu watu milioni 50 hivi wenye kifafa duniani, na linasema kwamba wakipata dawa sawasawa, mpaka 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka. Dawa ile ya vidonge vyeupe, fenobarbitali, ambayo wengi kwetu wanaiita Gardénal, imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Ni ya zamani kuliko karibu kila mtu anayesoma ukurasa huu.

Kwa nini basi binti yetu alianguka vibaya vile? Mwuguzi alitueleza, naye alieleza bila kututukana, jambo ambalo lilituumiza kuliko matusi. Mwili uliozoea dawa hii, ikikatwa ghafula, kifafa hurudi na nguvu nyingi, mara nyingine kinafuatana kimoja baada ya kingine bila mgonjwa kuamka, na mtu anaweza kufa katika hali hiyo. Dawa haiachwi kwa siku moja. Mgonjwa akikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, munganga anaweza kuamua kuipunguza kidogo kidogo. Anayeamua ni yeye pamoja na mgonjwa. Si nabii, si mchungaji, si shangazi. Mwanamke mwenye kifafa akipata mimba asiikate kwa woga. Aende kuongea na mwuguzi mapema. Siku za kwanza dawa huleta usingizi, na hilo hupungua. Vikitokea vipele mwilini, arudi kituoni upesi.

Tulimwomba mwuguzi yule atufundishe katika ibada, akakubali, akasimama mbele na kitenge kimoja na kijana mmoja wa kwaya aliyelala chini kuigiza. Vijana walicheka mwanzoni. Alituonyesha hivi. Mtu akianguka, ondoa moto, jiwe, kisu, au umvute yeye mbali navyo. Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kilichobana shingoni. Usimkandamize mikono na miguu. Usimtie kijiko wala kijiti katikati ya meno. Wengi wamevunjwa meno kwa upendo wa namna hiyo. Usimwagie maji, usimpe cha kunywa, usimfukizie kitu. Kutikisika kukiisha, mlaze ubavu, mate yatoke nje, apumue vizuri, na ukae naye mpaka ajue yuko wapi. Funika uchi wake. Ikipita dakika tano bila kutulia, au akianguka tena kabla ya kuamka, itisheni vijana wa tipoyi na apelekwe kituoni hata kama ni usiku. Mwenye simu aangalie saa. Asiye na simu aimbe moyoni wimbo anaoujua urefu wake.

Na mate? Mate hayaambukizi kifafa. Mwuguzi alisema ameyapangusa kwa mikono yake miaka mingi. Hakuna kifafa kinachopita kwa mate, kwa sahani, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kiti cha kanisa. Kwa hiyo ile desturi ya kumpa mwenye kifafa kikombe chake mwenyewe katika meza ya Bwana, tumeiondoa. Tuliiondoa kwa aibu, maana hatukumbuki ni nani aliyeianzisha.

Siku arobaini na zaidi mwuguzi alisafisha mkono wa binti yetu, akabadilisha bandeji, akamkunjua vidole kidogo kidogo huku mtoto akilia. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kazi ya namna hiyo katika orodha yetu ya karama. Tuna karama ya kuona maono, ya lugha, ya kutafsiri lugha, ya kuimba. Msamaria wa Luka 10 alitia mafuta na divai katika vidonda, akampandisha mtu juu ya mnyama wake, akalipa siku za kulala, akaahidi kurudi. Hayo yote ni uuguzi, na Bwana aliuchagua ili kuonyesha upendo wa jirani ni nini. Ndugu zetu Wakimbangu, ambao kanisa lao lilianza na uponyaji wa Nkamba mwaka 1921, hawakuona kwamba kujenga hospitali ni kukana uponyaji ule. Kwa nini sisi tuone hivyo?

Hatukuacha kuwawekea wagonjwa mikono. Tunaomba, tunafunga, tunalia mbele za Mungu, na tunaamini kwamba anaweza kuondoa kifafa leo hii kabla ya jua kutua. Akifanya hivyo, kituo cha afya kitaliona, kama wale wenye ukoma walivyotumwa kujionyesha kwa makuhani. Lakini tumeamua pamoja, wachungaji, wazee na manabii, kwamba katika kanisa letu hakuna atakayeamuru mgonjwa kutupa dawa. Atakayefanya hivyo atakaa kimya katika makesha mpaka atubu mbele ya watu wote, kama sisi tunavyotubu sasa. Ndugu yule wa unabii wa usiku ule ndiye aliyeomba azimio hili liandikwe. Anastahili tuseme hilo pia.

Linabaki jambo la vita. Mnajua wenyewe namna tunavyokimbia hapa: risasi zinasikika, mtu anachukua mtoto, sufuria na godoro, na dawa inabaki juu ya mlango. Siku tatu msituni bila dawa, mgonjwa anaanguka njiani au katika maji ya kivuko. Kwa hiyo tunaomba kila nyumba yenye mwenye kifafa iombe kituoni vidonge vya kuzidi kidogo, inapowezekana, ivifunge katika nailoni isiyoingiza maji pamoja na kadi ya mgonjwa, na ivitie katika mzigo wa kukimbilia, mbali na mikono ya watoto wadogo, maana vingi kwa pamoja huua. Mamama wa maombi watapita nyumba hizo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada. Watauliza vidonge vimebaki vingapi, watatazama kama mafiga yameinuliwa au yamezungushiwa ukuta wa udongo, na wataandika katika daftari tarehe za kuanguka, ili mwuguzi akija apate kusoma. Vituo vyetu vikikosa dawa, Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha Ndugu wa Upendo, na Bukavu kuna SOSAME, wenye ujuzi wa magonjwa ya kichwa. Safari ni ndefu, na sanduku la sadaka ya wagonjwa litasaidia nauli.

Binti yetu amerudi kwenye dawa na ameingia katika kwaya. Alipoambiwa habari ya nailoni, alishona kifuko cha kitenge kwa mkono wa kushoto, akakivaa shingoni chini ya blauzi. Jumapili iliyopita alikuwa nacho akiimba sauti ya pili, na ndugu yake mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, karibu naye.